Unalipa kwanza, ndipo unafungua robota: hasara ya biashara ya dunia inamwangukia nani?

Binti wa Kiwandani

Wakuu, habari za humu. Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie mpaka mwisho.

Nauza mitumba Ilala, huu ni mwaka wa kumi na tatu. Mashati na magauni ya kike. Mama yangu alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha nguo hapa Dar, idara ya kusokota uzi. Mjomba wangu, kaka yake mama, analima pamba Maswa, Simiyu. Kwa hiyo ndani ya ukoo mmoja yupo anayelima pamba, yupo aliyesokota uzi, na nipo mimi ninayeuza nguo zilizokwisha kuvaliwa Ulaya na Marekani. Mijadala ya utandawazi naisikia redioni kila siku. Mmoja anasema umetuletea vitu vya bei poa, mwingine anasema umetumaliza. Wote nawaelewa, lakini kuna kitu sisi watatu tunakijua ambacho sijamsikia mtu akikigusa.

Nianze na robota, maana ndilo ninalolala nalo na kuamka nalo.

Robota la mashati ya kike lina kilo 45. Limebanwa na mashine mpaka limekuwa gumu kama tofali, limevikwa plastiki, limefungwa mikanda. Nje pana karatasi: aina ya nguo, gredi, uzito. Hayo tu ndiyo utakayoyajua. Kuchungulia hakuna. Unalipa, ndipo kijana analilaza chini na kukata mikanda kwa kisu. Mkanda wa mwisho ukikatika, robota linajitanua lenyewe kama unga uliotiwa hamira, na ile harufu ya dawa inakupanda puani. Hiyo ni saa kumi na moja alfajiri. Wateja wangu wa kwanza, wale wanaokuja kupointi, yaani kuwahi kuchagua nguo bora, wameshazunguka na tochi za simu. Hapo hakuna maongezi, ni mikono tu. Ndani ya dakika ishirini nimeshajua kama kodi ya fremu ipo au haipo.

Mwezi uliopita nilifungua moja nikakuta mashati yana madoa ya jasho kwapani, mengine kola zimelika, na katikati, pale ambapo hakuna jicho lingefika, masweta manne mazito ya sufu. Kwa joto hili la Dar. Nilitenga nguo 41 ambazo hata kwa shilingi 500 hazikupata mtu. Nikalalamike kwa nani? Wa jumla aliyeniuzia alilipokea limefungwa. Aliyeleta kontena alilipokea limefungwa. Zile nguo mbovu zilikuwemo tangu siku robota lilipobanwa, zikavuka bahari na kupita mikono yote hiyo, zikaja kuonekana kwangu mimi niliyekata mikanda.

Sasa twendeni Maswa.

Mjomba anapanda mvua zikikaa sawa, Novemba kuingia Desemba. Msimu wa kuuza unafunguliwa kwenye Mei. Siku anafukia mbegu hajui atauza kwa bei gani, na aliyemkopesha dawa anajua vizuri sana anamdai kiasi gani. Bei ya pamba ya dunia inasomwa New York, kwa senti za Dola kwa ratili. Sisi sehemu kubwa ya pamba nyuzi yetu, ile iliyokwisha kutolewa mbegu, inatoka nchini bila kusokotwa, kwa hiyo bei ya kule ndiyo inayokuja kukaa juu ya mzani wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, kijijini.

Mnaokumbuka 2019 mnaikumbuka. Ilitangazwa shilingi 1,200 kwa kilo ya pamba mbegu, yaani pamba kama inavyotoka shambani. Huko nje bei ilikuwa inashuka. Mwaka mmoja nyuma Marekani na China walianza kupandishiana ushuru, na China ikaitoza pamba ya Marekani asilimia 25. Viwanda vikaogopa kuagiza, bei ikalegea. Wanunuzi wetu wakapiga hesabu, wakaona 1,200 haiwalipi, wakasita kununua. Wakulima walishapeleka mzigo, wakapewa stakabadhi, wakaambiwa wasubiri. Mjomba alisubiri toka Juni mpaka Septemba. Binti yake alikuwa amepangiwa kidato cha tano, akaripoti shule amechelewa wiki tano. Wakubwa wawili wamegombana huko kwao, na aliyekosa nauli ni mtoto wa Maswa.

Na mama. Aliingia kiwandani 1979 akiwa na miaka kumi na tisa. Anasema siku za mwanzo alirudi nyumbani nywele nyeupe kwa vumbi la pamba, bibi akamcheka kwamba amezeeka kwa siku moja. Kulikuwa na basi la wafanyakazi, kantini, zahanati. Mwaka 1991 waliitwa getini wakasomewa majina, jina lake likiwemo. Kiwanda sikitaji, si lengo langu. Mpaka leo mama anaongea kwa sauti ya juu hata mkiwa wawili chumbani, kwa sababu miaka kumi na miwili aliongea kushindana na mashine. Wajukuu wanadhani bibi ni mkali.

Jambo ninalotaka kulileta mbele yenu ni hili. Tukibishana kama biashara ya dunia ni nzuri au mbaya, tunabishana juu ya bei. Bei ya nguo kweli imeshuka, na nisiwadanganye, watoto wangu wamesoma kwa sababu hiyo. Lakini hasara nayo lazima iende mahali. Anayeweza kuiepuka anaiepuka kwa mkataba, kwa bima, kwa kufunga mlango na kuhamia nchi nyingine. Inateremka hivyo hivyo mpaka inamfikia mtu asiye na wa kumsukumia. Mjomba anapanda bila kujua bei. Mimi nalipa bila kuona mali. Mama alifika kazini asubuhi akasomewa jina.

Na msidhani ni mambo ya jana. Bibi zetu walikiita kitambaa kigumu cheupe "marekani", na wazee bado wanakiita hivyo. Jina lilikuja na mali yenyewe: meli za Salem, Massachusetts, zilileta kitambaa hicho Unguja, hasa baada ya Sultani Seyyid Said kuwekeana mkataba na Marekani mwaka 1833, zikaondoka na pembe za ndovu na karafuu. Wamarekani walipoanza kupigana wao kwa wao mwaka 1861, kitambaa kikawa adimu pwani na bei ikapanda, na nguo za Bombay na za Uingereza zikachukua nafasi. Mpagazi aliyekuwa analipwa kwa kitambaa cha marekani kilichopimwa kwa mikono huko bara hakuulizwa.

Naomba kila mwenye kazi inayoguswa na mambo haya aseme: kwenu hasara ikitokea, inaishia kwa nani?

---

Mzalendo wa Ubungo

Dada, umeandika kwa uchungu na nimekuelewa. Ila unazunguka mbuyu. Mitumba ndiyo iliyoua viwanda vyetu, na wewe unauza mitumba. Urafiki ilifunguliwa hapa Ubungo 1968 kwa msaada wa Wachina, kila kitu kilifanyika pale, kutoka pamba mpaka khanga. Mwanza kulikuwa na Mwatex, Musoma na Mutex, Morogoro na Polytex. Mtoto wa mkulima alikuwa na pa kwenda. Milango ikafunguliwa, nguo za msaada za Wazungu zikaja kwa bei ya karanga, nani angenunua shati la kiwandani?

Mwaka 2016 marais wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana mitumba iondoke ifikapo 2019. Tukarudi nyuma. Tungebana meno miaka mitano tu.

---

Binti wa Kiwandani

Kaka, asante kwa kusema waziwazi, na sitaukwepa ubao ulionisimamishia. Ndiyo, nguo ninazouza zilishindana na nguo za mama. Nalijua hilo kila siku ninapokata mikanda.

Ila historia tusiianzie katikati. Mama anasimulia kwamba mwanzoni mwa miaka ya themanini, kabla mitumba haijajaa, kwenye safu ya mashine kumi zilikuwa zinafanya kazi nne. Vipuri vilitaka fedha za kigeni na nchi haikuwa nazo. Tulitoka vitani na Amin, mafuta yamepanda, kahawa na mkonge vimeshuka bei. Umeme ukikatika uzi unakatika, na kuunganisha upya ni nusu zamu. Madukani watu walipanga foleni ya khanga. Walioishi miaka ile wanajua kulikuwa na wanafamilia waliopokezana nguo ya kutokea. Biashara ilipofunguliwa 1984, watu wakaruhusiwa kuingiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe, kisha yakaja masharti ya IMF 1986, mitumba iliingia kwenye nchi ambayo watu wake walikuwa wamevaa viraka. Walioipokea hawakuwa wasaliti. Walikuwa uchi.

Halafu ndiyo, ikammaliza mgonjwa aliyekuwa bado anapumua. Hapo nakubaliana na wewe asilimia mia.

Kuhusu 2016, hatukurudi nyuma kwa kupenda mitumba. Chama cha wafanyabiashara wa nguo zilizotumika huko Marekani kilipeleka malalamiko 2017, na serikali yao ikaanza kupitia upya kama Tanzania, Uganda na Rwanda zinastahili kubaki AGOA, ule mpango wa Marekani wa kuingiza bidhaa za Afrika kwao bila ushuru. Kenya ilijitoa mapema kwa kuwa ilikuwa na ajira nyingi za kushona nguo za kwenda kule. Sisi na Uganda tukalegeza. Rwanda peke yake ikasimama. Nani alikuwa tayari kufidia ajira ambazo zingepotea hiyo miaka mitano ya kubana meno? Kama ingekuwepo mezani hata karatasi moja inayosema mchuuzi wa soko la Karume atakula nini wakati kiwanda kinajengwa, mimi ningekuwa wa kwanza kufunga fremu.

---

Nyabugogo

Habari zenu kutoka Kigali. Mimi niseme ya kwetu kwa sababu nimetajwa.

Hapa mitumba tunaiita caguwa. Ni neno lenu hilohilo, "chagua", wauzaji walivyokuwa wanaita wateja sokoni. Mwaka 2016 ushuru ulitoka senti 20 za Dola kwa kilo ukawa Dola 2.50. Mama yangu mdogo alikuwa anauza caguwa, alimaliza stoki yake kwa miezi michache na hakuweza kuleta nyingine. Mwaka 2018 Marekani wakatuondolea msamaha wa ushuru kwenye nguo.

Mnataka kujua kama ilikuwa sawa. Mimi nina majibu mawili na yote ni ya kweli. Nimejifunza kushona, leo nina cherehani mbili za umeme na wasichana wawili, na tunashona sare za shule. Kazi hiyo zamani nisingeipata. Najivunia. Lakini mama mdogo leo anauza nguo mpya, na nguo hizo mpya hazishonwi na mimi. Zinatoka China. Sweta la mtoto ambalo aliliuza kwa bei ya mboga sasa mzazi analifikiria wiki mbili. Na caguwa haikuisha, inavuka usiku kutoka upande wa Kongo, mgongoni mwa wanawake. Akikamatwa, mzigo unachomwa. Dada ameuliza hasara inaishia kwa nani. Kwetu inaishia kwa huyo mwanamke mwenye mzigo mgongoni.

---

Fundi wa Athi River

Salamu kutoka Kenya. Nimesoma hii yote nikiwa kwa matatu nikielekea nyumbani.

Mimi hushona jeans katika kiwanda cha EPZ, eneo la viwanda vya kuuza nje. Sishoni suruali nzima, hakuna mtu hushona suruali nzima. Mimi ni mfuko wa nyuma, upande wa kulia. Mwenzangu ni upande wa kushoto. Kuna ubao juu ya laini, kila saa supavaiza anaandika mifuko mingapi imepita. Tageti ikikosekana hakuna mtu anapiga kelele siku hizi, wanakuandika tu, na kandarasi ikiisha haurudishwi.

Kitambaa hakitoki kwa pamba ya mjomba wako wala ya Kenya. Kinakuja kwa kontena kutoka Asia, kimeshatiwa rangi. AGOA iliruhusu hivyo, kwamba nguo ishonwe Afrika hata kama kitambaa ni cha kwingine, na iingie Amerika bila ushuru. Hiyo ruhusa ndiyo ilituletea kazi. Lakini ruhusa ina tarehe. Ilikuwa na mwisho wa 30 Septemba 2025. Mwaka huo, Aprili, wakatuwekea tena ushuru wa asilimia 10 juu. Hakuna mtu alituita mkutano. Sisi tulijua kwa kuangalia stoo: marola ya kitambaa yalikuwa yanafika dari, yakashuka mpaka kifuani, yakashuka mpaka magotini. Kandarasi zikatoka miezi sita zikawa mitatu, zikawa mmoja mmoja. Unaweza kukopa sacco na kandarasi ya mwezi mmoja? Unaweza kuambia landilodi?

Mwenye kiwanda ana mashine, anaweza kuzipakia apeleke mahali pengine. Mimi nina watoto wako shule hapa Mlolongo.

---

Mlango wa Pili

Mimi ni mmoja wa hao "wa jumla" mnaowasema. Naingiza marobota, na miaka ya karibuni nimeongeza nguo mpya kutoka Guangzhou, China. Nimevumilia nikaona niseme.

Dada, usidhani sisi hatuumii. Mwishoni mwa 2023 meli zilipoanza kushambuliwa Bahari ya Shamu, mzigo wangu wa Ulaya haukupita Suez, ulizunguka Rasi ya Tumaini Jema. Wiki za ziada baharini. Hata nauli za China zikapanda, ambazo hazipiti huko kabisa, kwa kuwa meli zote zilikuwa zimebanwa kwenye safari ndefu na makontena yamekuwa adimu. Kipindi hichohicho Dola hazionekani, ukienda benki unaambiwa uandike barua. Kontena likikaa bandarini kila siku linakula hela. Nimewahi kutoa mzigo kwa hasara ya gari langu.

Na hayo marobota mabovu mimi siyafungi. Nanunua kwa jina la gredi kama wewe.

---

Binti wa Kiwandani

Pole sana kaka kwa gari, na nashukuru umejitokeza. Sina ugomvi na wewe, nyumba yako nayo inakula kutokana na makontena hayo.

Niulize tu swali la kibiashara. Nauli ilipopanda, uliongeza kiasi gani kwenye robota?

---

Mlango wa Pili

Niliongeza. Nisingeongeza ningefunga. Wote tuliongeza.

---

Binti wa Kiwandani

Sawasawa. Na mimi nilipotaka kuongeza, sikuweza. Hapo ndipo kiini cha uzi wangu kilipo.

Kilichonizuia ni lile shati jipya la kutoka Guangzhou linalopangwa Kariakoo. Mteja wangu anajua bei yake. Nikipandisha mtumba mpaka ukaribie bei ya kipya, anavuka barabara, hata kama kile kipya kitafumuka mshono kabla ya Pasaka. Kwa hiyo juu nimewekewa dari na kipya cha China, chini sakafu inapanda kila Dola ikipanda, na mimi nipo katikati. Wewe umeweza kuteremsha nauli mpaka kwangu. Mimi wa kumteremshia ni nani? Nilipunguza yule kijana wa kupiga pasi. Alikuwa ananyoosha mashati hamsini kwa siku kwa pasi ya mkaa, kazi safi, kola zimesimama. Nilimwambia siku ya Jumamosi jioni. Hakulalamika, aliniuliza tu kama pasi anaweza kuondoka nayo alipie kidogokidogo. Nilimpa.

Nimeliandika hili kwa sababu nisingekuwa mkweli kama ningelificha. Hata mimi nilipata wa kumsukumia.

---

Mzalendo wa Ubungo

Dada, hapo umenigusa. Narudi nyuma kidogo kwenye maneno yangu ya mwanzo, ingawa msimamo wa viwanda sijauacha. Pamba isokotwe hapa.

---

Binti wa Kiwandani

Usiuache, kaka. Nami nautaka. Nataka tu, siku tukiuweka kwenye karatasi, karatasi hiyo iseme pia bei ikianguka New York nani analipa tofauti, na tageti isipofikiwa nani anarudishwa nyumbani. Kiwanda cha mama kilikuwa chetu sote na bado majina yalisomwa getini.

---

Zamu ya Usiku

Shikamoo dada, mimi ni mdogo wako, mtu wa Tanga, niko Sharjah, Falme za Kiarabu, mwaka wa tatu. Huwa nasoma tu humu, leo imebidi nijiandikishe ili nijibu.

Nafanya kazi kwenye ghala la kuchambua nguo zilizotumika. Hayo marobota yako, dada, inawezekana mengine yamepita mikononi mwangu.

Ilivyo ni hivi. Mzigo unakuja mchanganyiko kutoka Ulaya na kwingineko, magunia makubwa, nguo, viatu, mapazia, wakati mwingine mdoli wa mtoto. Tunausimamia kwenye mkanda unaotembea. Kila mtu ana aina zake, mimi ni mashati na blauzi. Nikiona shati nina pumzi moja ya kuamua: la kwanza, la pili, la tatu, au tambara la kufutia mashine. Zile nzuri kuliko zote hapa kwetu zinatengwa, haziendi Afrika. Wenzangu ni Wahindi, Wapakistani, Waganda wawili na Mrundi mmoja, tunaelewana kwa Kiswahili na Kihindi cha kuokota.

Halafu kuna kubana. Robota linapimwa, na ni lazima lifike kilo 45. Zamu ina hesabu ya marobota ya kutoa. Saa za mwisho usiku, likipungua kilo moja na nusu na mashati safi yameisha kwenye kreti, unajazia kilicho karibu. Sweta ni zito, dada. Masweta matatu manne yanamaliza upungufu. Tunayaweka katikati.

Nimesoma pale kwenye masweta yako manne nikaweka simu chini. Mimi sijui kama ni mimi. Lakini nimewahi kufanya hivyo, mara nyingi, na sikuwahi kufikiri kwamba kuna mtu upande wa pili anahesabu. Tusipofikisha hesabu tunakatwa. Naomba radhi.

Kitu kimoja cha kukusaidia. Kwetu, kwenye ile karatasi ya nje, chini kabisa, pana namba ndogo. Tarakimu ya mwisho ni zamu. Kama mzigo wako unatoka ghala letu, moja ni asubuhi, mbili ni mchana, tatu ni usiku. Mwambie anayekuuzia akuchagulie. Za asubuhi watu hawajachoka.

---

Binti wa Kiwandani

Marahaba mdogo wangu. Radhi umepewa, tena kwa moyo mweupe, na usiilale nayo. Wewe uliogopa kukatwa kama mama alivyoogopa kusomewa jina. Miaka kumi na tatu nakata mikanda, na leo ndiyo mara ya kwanza mtu aliyeifunga ameniambia neno.

Nimekwenda kwenye makaratasi. Huwa situpi, natumia upande wa nyuma kuandikia madeni. Nimekuta ya miezi minne. Namba ndogo zipo kwenye baadhi, kwa hiyo kuna mzigo wa huko unaofika hapa. La masweta linaishia na tatu.

---

Mlango wa Pili

Mimi hiyo namba sikuwahi kuijua, na naingiza mzigo huu toka 2011. Dada, piga picha hizo karatasi unitumie. Nikiwa na ushahidi wa marobota kadhaa naweza kumbana anayenipakilia, maana yeye huwa ananiambia wachuuzi wa Dar wanapenda kulalamika.

---

Binti wa Kiwandani

Nimerudi, wiki mbili baadaye. Samahanini kwa ukimya.

Nilianzisha daftari. Wenzangu wawili wa fremu za jirani nao wakaanza la kwao, tunafungua robota mmoja akikata na mwingine akihesabu. Mpaka jana tumefungua saba yenye ile namba ndogo. Ninayaandika yalivyo:

Yanayoishia na moja, mawili: nguo 221, mbovu 9. Nguo 214, mbovu 12.

Yanayoishia na mbili, mawili: nguo 218, mbovu 17. Nguo 226, mbovu 15.

Yanayoishia na tatu, matatu: nguo 207, mbovu 33. Nguo 211, mbovu 28. Nguo 198, mbovu 37, humo mkiwa na masweta matano na pazia moja.

Ni marobota saba tu, najua ni machache. Tutafika thelathini ndipo tuongee kwa sauti. Ila nimempelekea kaka wa Mlango wa Pili picha zote, na tumekubaliana kwa maandishi, mbele ya mwenyekiti wa soko: robota likizidi mbovu 20, zinazozidi anarudishiwa yeye na bei yake inakatwa kwenye robota linalofuata. Amesema yeye naye ataidai huko alikonunua. Huo ni mwezi wa kwanza wa majaribio.

Mdogo wangu wa Sharjah, sitaki jambo hili likuletee shida. Katika picha nilizotuma nimeficha namba zote na kuacha tarakimu moja tu. Nakuombea mpunguziwe hiyo hesabu ya usiku.

Dada wa Kigali, nitumie bei ya sare, kuna shule ya jirani inatafuta. Fundi wa Athi River, bado tunasubiri utuambie kama kandarasi ya mwezi huu wamekupa.

Mjomba amepiga simu jioni hii. Maswa mvua imenyesha siku tatu mfululizo, udongo umelainika. Kesho anapanda ekari nne.